Maji Yaliingilia Chooni: Miaka Kumi ya Kuilinda Nyumba Yetu Kigogo

Nyumba yetu ya Kigogo, Dar es Salaam, tulioneshwa mwezi wa Septemba mwaka 2013, msimu ambao Mto Msimbazi huwa mfereji mwembamba wa maji meusi ambao watoto huuruka bila kulowa miguu. Dalali alitupitisha vyumba vyote, akatuonesha mita ya umeme, bomba la uani na choo cha ndani, nasi tukatazama paa, madirisha na bei. Dalili za maji zilikuwa mbele ya macho yetu. Jirani wa kulia alikuwa amejenga kizingiti cha tofali mlangoni pake, kiasi kwamba kila aingiaye ilimlazimu kunyanyua mguu. Friji lake lilikaa juu ya meza ya zege. Na ukuta wa stoo ya nyumba tuliyokuwa tunainunua ulikuwa umepakwa rangi mpya upande wa chini tu, hadi usawa wa goti. Niliviona vyote vitatu, wala sikuuliza hata kimoja.

Kama ningerudi nyuma, ningekwenda pale siku ya mvua kubwa, bila dalali, nikawaulize wapangaji wa nyumba za jirani maji ya mwaka 2011 yalifika wapi. Mpangaji hana nyumba ya kuuza, kwa hiyo hana sababu ya kuficha. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na Serikali iliwahamishia Mabwepande wengi wa waliokuwa wakiishi bondeni. Hakuna mtu mzima wa Kigogo asiyekumbuka alilala wapi usiku ule. Ningepima pia umbali kutoka ukingo wa mto, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Sisi tulikuwa nje ya mita hizo. Hata hivyo, kuwa nje ya mpaka wa sheria hakukutuweka nje ya maji, na ukingo wenyewe haukai mahali pamoja: mvua za kila mwaka na uchimbaji wa mchanga huumega, mto ukaendelea kusogea huku nyumba ikiwa pale pale.

Maji ya kwanza tuliyapata katikati ya Aprili 2014, tukiwa hatujatimiza hata mwaka. Kilichonichanganya ni kwamba mvua ya kwetu ilikuwa imepungua. Sikujua kwamba Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, na kwamba mvua iliyonyesha huko alfajiri hutufikia sisi baadaye, wakati mwingine jua likiwa limeshaanza kuchomoza. Maji yaliingia kwa mlango wa mbele, taratibu, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, na kwa muda mfupi yakafika magotini. Tulimbeba mama mkwe kwa kiti hadi kwa jirani mwenye ghorofa. Tulipoteza magodoro mawili, friji, kabati la mbao za kubandika ambalo lilivimba na kupasuka kama mkate uliolowa, na bahasha yenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kabati la mninga la mama mkwe lilikauka, likapigwa msasa, na linatumika mpaka leo. Tangu siku ile sinunui samani ya mbao za kubandika kwa ajili ya vyumba vya chini, hata ikiwa nusu bei.

Kosa letu baada ya maji kutoka lilikuwa kupumzika. Tulikuwa tumechoka, tukaacha tope siku tatu, likakauka na kushikamana na sakafu na plasta hata ikabidi tulikwangue kwa koleo. Kisha, kwa kuona aibu ya kuta zenye madoa, tulipaka rangi baada ya wiki mbili. Ukuta wa tofali za saruji uliokunywa maji namna ile hubaki na unyevu ndani kwa miezi, hata uso wake ukionekana mkavu, na rangi yetu ilianza kutoka malengelenge kabla ya Juni. Fedha ile ilipotea yote.

Mwaka uliofuata tulichukua mkopo katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tukajenga ukuta. Fundi alishauri tuzungushe kiwanja chote kwa tofali za inchi sita, urefu wa mita moja na robo, na geti la chuma lenye mpira chini. Gharama ilikuwa shilingi 3,400,000. Nilitamani sana kuamini kwamba tatizo letu lilikuwa mlango, kwa sababu mlangoni ndiko nilikoyaona maji yakiingia. Hatukuacha tundu hata moja chini ya ukuta ule, na tuliona fahari kwamba hauna tundu.

Masika ya 2018 yalileta mto tena mwezi wa Aprili. Nilisimama dirishani nikiyatazama maji yakipanda nje ya ukuta, uani kwetu kukiwa kumelowa kwa mvua tu, nikamwambia mume wangu kwamba safari hii tumeokoka. Ndipo tuliposikia sauti kutoka chooni. Ilikuwa sauti ya chupa inayojazwa ndani ya ndoo: bubu, bubu, kisha kimya, kisha tena kwa nguvu zaidi. Nilipofungua mlango wa choo, maji meusi yalikuwa yanabubujika kutoka kwenye sinki la kuchuchumaa na kwenye kitundu cha bafuni, yakiwa na kila kilichokuwa kwenye shimo letu, na pengine kwenye mashimo ya wenzetu wa juu, kwa maana wapo watu ambao hutapisha vyoo mvua zinapokuja. Shimo la maji taka lilikuwa nyuma ya nyumba, mahali pa chini kuliko sakafu. Maji ya mafuriko yaliingia shimoni kupitia mfuniko wake na ardhi iliyoloa, yakakosa pa kwenda, yakapanda na bomba mpaka ndani.

Maji ya 2014 yalikuwa tope. Haya yalikuwa kinyesi. Sitasahau jinsi mama mkwe alivyokaa kitandani akijifunika pua kwa upande wa kanga, akirudia neno moja tu: "Mwanangu, mwanangu." Na ukuta wetu sasa ukawa bakuli. Mto ulipungua jioni ile ile, nyumba za jirani zikatoa maji yao, lakini yetu yalikaa siku mbili kwa sababu hayakuwa na njia ya kutokea, hadi vijana wa mtaa walipobomoa tofali nane kwa nyundo.

Jambo linaloniuma zaidi nililijua asubuhi iliyofuata. Jirani wa chini yetu, ambaye mwaka 2014 alipata maji kiasi kile kile tulichopata sisi, safari hii ukuta wa jiko lake ulikuwa umeanguka. Alinikaribisha, akanionesha, kisha akaniambia bila ukali, "Dada, ukuta wako umenigeuzia mto." Ilikuwa kweli. Maji yaliyokuwa yakipita kiwanjani kwetu kwa upana yalibanwa na ukuta wetu yakapita kwake kwa kasi. Tulimchangia tofali na saruji za kujenga jiko, nami nikamwomba radhi mbele ya mume wake. Mtu anayefikiria kuzungusha ukuta bondeni, namsihi kwanza akae na majirani wa pande zote, maana kila tofali anayoiweka inaamua maji yataingia kwa nani.

Baada ya hapo hatukutumia hata shilingi moja kwa miezi minne. Tulifanya kazi ambayo ingetakiwa kufanywa kabla ya kitu kingine chochote: kutafuta maji yanaingia kwa njia zipi, na kwa kimo gani. Mzee mmoja mstaafu wa kazi za barabara alitufundisha kupima kwa mpira mwembamba unaoonesha ndani, wa mita 20, uliojazwa maji bila kuacha povu. Ncha moja aliishika mume wangu kwenye alama ya mafuriko ya 2018 iliyobaki kwenye nguzo ya jirani. Nyingine niliishika mimi kwenye ukuta wetu. Maji ndani ya mpira yalicheza kidogo kisha yakatulia, na pale yalipotulia kwangu ndipo palipokuwa usawa ule ule wa alama ya kule. Nikachora msitari kwa penseli. Tulizunguka nyumba nzima hivyo, na kwa jioni moja tukajua mambo ambayo miaka minne ya kuishi pale haikutufundisha: sakafu ya choo ilikuwa chini kuliko sakafu ya sebule kwa sentimita 11, mfuniko wa shimo ulikuwa chini zaidi, na chumba cha mama mkwe, tulichokiona salama kwa kuwa kiko nyuma, ndicho kilichokuwa chini kuliko vyote.

Kazi ya kwanza baada ya vipimo ilikuwa choo. Kwenye bomba la inchi nne linalotoka ndani kwenda shimoni tulijenga chemba ndogo na kufunga vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma, yenye kilango kinachofunguka kuelekea shimoni na kujifunga maji yanaposukuma kutoka upande wa pili. Mfuniko wa shimo tuliuinua kwa tofali na kuuziba kwa saruji, tukaacha bomba la hewa lipande hadi usawa wa dirisha. Kitundu cha bafuni kina kizibo cha mpira. Vyote pamoja viligharimu shilingi 190,000, ambazo ni chini ya sehemu ya kumi na saba ya gharama ya ukuta. Vali hii inahitaji kufunguliwa na kusafishwa kabla ya vuli na kabla ya masika, kwa sababu kipande kimoja cha kitambaa kikinasa kwenye kilango hakitajifunga. Na kilango kikishajifunga, maji ya ndani nayo hayatoki. Kwa hiyo siku ya mafuriko choo hakitumiki, na ndoo yenye mfuniko iwe tayari.

Ukuta hatukuubomoa wote. Tulikaa na majirani wawili na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tukakubaliana kufungua sehemu mbili, moja upande maji ya mto yanakotoka na nyingine upande yanakoelekea, ili maji yapite kiwanjani kama yalivyokuwa yakipita zamani, na kuacha matundu kila baada ya mita mbili. Shilingi 280,000 zilikwenda huko. Ilikuwa vigumu kumweleza fundi kwamba namlipa ayaruhusu maji yaingie uani, na kusema kweli ilikuwa vigumu kwangu pia, hasa nilipozikumbuka marejesho za mkopo ambazo nilikuwa bado nazimalizia. Uwanja ulishindikana kuulinda. Tulichoweza kukilinda ni vyumba.

Vyumba viwili vya kulala tuliviinua sakafu kwa sentimita 45. Tulimwaga kifusi kwa matabaka membamba, kila tabaka likimwagiwa maji na kushindiliwa, juu yake tukatandaza nailoni nzito, kisha zege. Nailoni ile ni muhimu kwa sababu ardhi iliyojaa maji huyasukuma juu kupitia nyufa za sakafu hata mlango ukiwa umefungwa vizuri. Gharama ilikuwa shilingi 1,150,000, na sasa dari iko karibu na kichwa na milango ilibidi ikatwe. Sebule hatukuiinua. Tuliamua kwamba ikilazimu ilowe, basi iwe na vitu vinavyooshwa: vigae, viti vya chuma, mapazia mafupi, wala hakuna ubao wa jasi ukutani. Uamuzi huu ulitupunguzia gharama kuliko mwingine wowote.

Kwenye milango miwili fundi wa kuchomelea alitufungia reli za chuma pande zote, ambamo huteremshwa mbao nzito zilizoshonewa mpira wa tyubu ya gari kwenye kingo. Hizo zilitugharimu shilingi 260,000. Urefu wake ni sentimita 60, na hatukwenda juu ya hapo kwa makusudi. Mita moja ya ujazo wa maji ina uzito wa tani moja, na ukuta wa tofali za nyumba za kwetu haukujengwa kubanwa kutoka upande mmoja namna hiyo. Maji yakikaribia kimo cha mita moja nje huku ndani kukiwa kukavu, ukuta unaweza kuangukia watu. Kwa hiyo yakizidi kile kimo tunaondoka, tunayaacha yaingie, ili ndani na nje yasukumane sawa.

Viroba vya mchanga tunavyo, ila nilivitumia vibaya kwa miaka mingi. Nilikuwa navijaza hadi vinakuwa vigumu kama magogo, navyo huacha mianya mikubwa kati ya kimoja na kingine. Kiroba kijazwe kupita nusu kidogo, kifungwe karibu na mdomo ili mchanga upate nafasi ya kulala, kilazwe juu ya nailoni, kikanyagwe, na cha juu yake kifunike maungio ya viwili vya chini kama tofali. Visiachwe juani, maana baada ya miezi michache ya jua vinachanika kila ukivigusa.

Umeme uligharimu shilingi 340,000 kwa fundi mwenye leseni. Soketi zote za chini zilipandishwa usawa wa kifua, na nyaya zinashuka kutoka darini badala ya kupita karibu na sakafu. Swichi kubwa huzimwa wakati miguu bado imesimama pakavu. Mtu akishachelewa na maji yamefika ndani, asiiguse. Jambo jingine dogo ni tangi la plastiki la maji. Likiwa tupu huelea. La jirani yetu mwaka 2018 liling'oka na kuvunja dirisha. Letu tulilifunga kwa mkanda wa chuma kwenye msingi wa zege, na mvua zikitabiriwa tunalijaza, jambo linalotupa pia maji safi ya kuoshea baadaye.

Gharama zote baada ya 2018 zilifika shilingi 2,220,000, tukizitoa kidogo kidogo kwa muda wa miaka mitatu. Ziko pungufu kwa zaidi ya milioni moja kuliko ukuta uliotudhuru.

Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba vuli ingekuwa ya El Niño, na mvua ziliendelea kuwa kubwa hadi masika ya 2024. Wakati huo wenzetu wengi wa Jangwani walikuwa wameshafanyiwa tathmini na kulipwa fidia chini ya mradi wa uendelezaji wa Bonde la Msimbazi. Nyumba yetu haikuwa ndani ya mipaka ya mradi, kwa hiyo tulibaki. Ilipotolewa tahadhari ya rangi ya chungwa mwezi wa Aprili, tulimpeleka mama mkwe kwa shemeji Tabata mchana, akiwa na dawa zake na sanduku lake, hata alilalamika kwamba tunamfukuza kwa mvua ambayo haijanyesha. Vyeti vilikuwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi la mgongoni, na picha zake ziko kwenye simu mbili. Mtaro wa mtaa tulikuwa tumeuzibua mwezi Februari, watu kumi na wanane, tukatoa taka za kujaza mikokoteni mingi.

Maji yalikuja saa tisa usiku. Yalipita uani, yakatoka upande wa chini, yakapanda kwenye mbao za mlango hadi sentimita 52. Sebuleni yaliingia kwa kuvuja, kimo cha sentimita 8. Choo kilikuwa kimya. Nilikaa nimeinama mbele ya sinki lile na tochi kwa muda wa saa nzima, nikisubiri sauti ya chupa ndani ya ndoo, nayo haikuja. Vyumba vya kulala havikuloa. Asubuhi jirani wa chini aliniita kwa sauti ng'ambo ya ukuta, akaniambia jiko lake limesimama.

Safari hii hatukupumzika. Tope tulilisukuma nje lingali bichi, tukaosha kwa maji ya tangi na sabuni, ndipo tukapitisha maji yenye klorini, kwa kuwa klorini ikimwagwa juu ya tope haifanyi kazi. Isichanganywe kamwe na dawa kali ya kusafishia choo, kwani hutoa hewa ya sumu. Watoto hawakuruhusiwa kukanyaga maji yale bila viatu vya mpira, na kwa mwezi mzima maji ya kunywa yalichemshwa. Siku moja na nusu ilitosha, na rangi hatukuigusa mpaka Septemba.

Kwenye nguzo ya daraja la miguu lililo upande wetu wa juu, mto unakotokea, sasa kuna mistari miwili ya rangi ya mafuta ambayo tuliichora kwa kutumia ule mpira wa mita 20. Maji yakifika wa njano, kijana anayeuza chips karibu na hapo anatupigia simu nyumba saba, nasi tunateremsha mbao. Yakifika mwekundu, hakuna anayeteremsha chochote: tunazima umeme, tunabeba begi, tunapandisha watoto barabarani, na zamu ya kumgongea mzee wa nyumba ya mwisho, asiyesikia simu, ni yangu.